Ramani ya seksheni ni nini?

Ramani ya seksheni ni ramani ya nchi iliyokatwa viwanja kabla mkulima hajafika. Inayojulikana sana ni ile ya tambarare za magharibi mwa Kanada (Manitoba, Saskatchewan na Alberta), iliyotolewa na serikali kuanzia miaka ya 1890 kwa skeli ya 1:190,080. Inchi moja ya karatasi ni maili tatu za ardhi.

Ukiitandaza mezani, kinachotangulia kuonekana si mto wala kilima, ni miraba. Mraba mkubwa, taunshipu, una maili sita kila upande, na ndani yake mna seksheni 36 za ekari 640 kila moja. Namba zinaanzia pembe ya kusini-mashariki, zinakwenda magharibi mpaka 6, kisha 7 inakaa juu ya 6 na hesabu inarudi mashariki, kama ng'ombe wa plau anavyogeuka mwisho wa shamba. Robo ya seksheni, ekari 160, ndiyo aliyopewa mlowezi kwa ada ya dola 10 chini ya sheria ya 1872, mradi ajenge, alime na akae miaka mitatu. Si robo yoyote, lakini. Namba shufwa kwa kawaida zilikuwa za walowezi, witiri nyingi za kampuni ya reli, 11 na 29 za kugharamia shule.

Reli haiheshimu miraba hiyo. Inakata kimshazari, na kandokando yake stesheni zimepangana maili nane au kumi hivi, maana mkulima alitakiwa kufikisha ngano ghalani kwa gari la farasi na kurudi siku hiyohiyo. Majina mengine yalitungwa ofisini: kampuni ya Grand Trunk Pacific ilizibatiza stesheni zake za Manitoba kwa kufuata alfabeti, Firdale, Gregg, Harte, Ingelow, Justice, Knox. Hapo hakuna mzee wa kijiji aliyeulizwa.

Karibu na Winnipeg, mji mkuu wa Manitoba, miraba inakatika ghafla. Vinatokea vipande vyembamba, virefu, vinavyoshuka mpaka Mto Red ili kila shamba lipate ukingo wake wa maji. Ni mpangilio wa Wametisi, watu wenye asili ya wenyeji wa Kanada na ya Wazungu, waliokuwapo kabla ya wapima ardhi. Tarehe 11 Oktoba 1869 Louis Riel, kiongozi wao, na wenzake waliukanyaga mnyororo wa kupimia. Wapimaji wakaukunja wakaondoka, na vile vipande vya mtoni vimebaki kwenye ramani.