Je, Asiyeamini Mungu Anaweza Kuwa Mtu wa Kiroho?

Kwenye kamati za matanga za Nairobi hakukosi mtu wa aina hii. Mchango wake ulishaingia kwa M-Pesa ya mweka hazina, na amejitolea kutafuta gari la kusafirisha mwili. Lakini mkutano ukifungwa kwa maombi, yeye husimama kimya, macho wazi, akitazama viatu vyake. Wenzake wanajua haamini. Ndipo mmoja humuuliza, nusu mzaha nusu kweli: "Sasa wewe ndugu yangu, mambo ya kiroho huna kabisa?"

Anaweza kuwa nayo. Jibu refu ndilo tamu.

Hapa mjini, ukitajiwa mtu wa kiroho unawaza kesha la Ijumaa, mfungo, kunena kwa lugha; kwa Waislamu, nyiradi na kisimamo cha usiku. Yote hayo yanamwelekea Mungu, kwa hiyo tunadhani asiyemwamini ameachwa nje ya mlango. Lakini fika Parklands, pale Oshwal Centre. Jumuiya ya Waoshwali, ambao asili yao ni Gujarat, ni ya Wajaini, na Ujaini hufundisha kwamba ulimwengu haukuumbwa na yeyote, hauna mwanzo wala mwisho. Wanaoheshimiwa hekaluni ni Tirthankara 24, walimu waliojikomboa, wa mwisho wao akiwa Mahavira. Hawakuumba chochote, wala hawaketi mahali wakisamehe dhambi. Hata hivyo, Mjaini anayeishika dini yake hali nyama wala mayai, na wengi hawagusi viazi wala vitunguu, maana kung'oa kiazi ni kuua mmea mzima pamoja na vidudu vya udongoni. Kila mwaka huwa na siku 8 za Paryushan, za mfungo na kujihoji, na mwisho wake watu huombana msamaha, jamaa kwa jamaa, jirani kwa jirani. Ukiniambia hao si watu wa kiroho, sijui tumwite nani hivyo.

Kweli, Wajaini wanaamini nafsi na kuzaliwa upya, na huyu wetu wa kamati huenda hakubali hata hayo. Yeye hubaki na nini? Hubaki na mazoea yenyewe. Kukaa kimya na kufuata pumzi, kwa mfano, ni zoezi la Wabudha ambalo Jon Kabat-Zinn alilipeleka hospitalini Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, akiwafundisha wagonjwa wenye maumivu sugu bila kuwadai imani yoyote. Hubaki pia na kule kustaajabu kunakompata mtu msituni Karura alfajiri, na kujiuliza usiku kama leo amewatendea watu haki.

Mchungaji atasema hayo ni kujisikia vizuri tu, hayana wa kukuwajibisha. Hoja hiyo naiona ina uzito. Muumini ana adhana inayomwamsha na ushirika unaompigia simu akikosekana Jumapili mbili. Asiyeamini hujiamsha mwenyewe, na wengi hulala. Wapo pia wasioamini wanaokataa kabisa kuitwa wa kiroho. Wanasema wana ubongo, unawatosha. Waachwe.

Na je, asiyeamini akae kwenye mazungumzo ya dini? Tayari yumo, na si tangu jana. Mwaka 1969 John Mbiti, msomi na kasisi wa Kianglikana kutoka Ukambani, aliandika kwamba Mwafrika ni mtu wa dini kupita kiasi. Mwaka uliofuata akajibiwa na Okot p'Bitek, mshairi Mwacholi wa Gulu, Uganda, ambaye baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi. Okot alitangaza wazi kwamba haamini miungu wala mizimu. Hata hivyo alikuwa amesomea dini ya Waacholi na Walang'o kwa kina, na alicheza na kuimba ngoma za kwao. Shutuma yake ilikuwa kwamba wasomi kama Mbiti wanaivisha miungu ya Afrika kanzu za Kigiriki, yaani fikra za falsafa ya Wagiriki, ili ifanane na Mungu wa wamisionari. Unaweza kumkatalia, lakini mjadala wa dini za Kiafrika bila yeye ungekuwa umepwaya.

Kutoamini si kutojua. Mwaka 2010 kituo cha utafiti cha Pew kiliwauliza Wamarekani maswali 32 kuhusu dini mbalimbali. Waliopata wastani wa juu kabisa, 20.9, walikuwa wasioamini na wale wasemao hawajui kama Mungu yuko. Wastani wa wote ulikuwa 16. Sishangai sana, kwani wengi wao walilelewa kanisani na wakatoka baada ya kusoma.

Kisheria, Kenya ina sura mbili. Dibaji ya Katiba ya 2010 inakiri ukuu wa Mwenyezi Mungu, na wimbo wa taifa ni sala tangu neno la kwanza. Lakini Kifungu cha 8 kinasema hakuna dini ya taifa, na cha 32 kinalinda dhamiri na fikra za kila mtu, hata kukataza mtu kulazimishwa kutenda kinyume cha imani yake. Mpaka upo: Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 138, inamtia hatiani anayeandika au kutamka neno kwa makusudi ya kuumiza hisia za kidini za mwenzake. Kukosoa fundisho ni jambo moja, kumdhihaki bibi anayesali rozari ni jingine.

Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya Wakenya 755,000 wasio na dini. Chama cha wasioamini Mungu nchini, Atheists in Kenya, kiliandikishwa 2016, kikasimamishwa miezi michache baadaye, kisha kikaendelea. Mwaka 2021 katibu wake alijiuzulu akisema amempata Yesu. Chama chenyewe ndicho kilichotoa habari hiyo, kikamshukuru kwa utumishi wake, kikamtakia kila la heri na Yesu wake, kisha kikatangaza kwamba nafasi ya katibu iko wazi.