Mkulima wa korosho hakosi wa kumuuliza

Juzi tena, kwenye semina Masasi, nimeisikia: wakulima wa kusini wanapata hasara kwa sababu hawana taarifa. Mimi ni bibi shamba, nimezeeka chini ya mikorosho, na kauli hiyo imenichosha. Taarifa zimejaa tele. Redio inazisoma, simu inazileta, muuza pembejeo anazo kwa kila anayeingia dukani. Tatizo ni kumuuliza mtu jambo asilolijua.

Bei muulize katibu wa AMCOS, chama chenu cha msingi cha ushirika, maana matokeo ya mnada yanamfikia mapema. Anayekutajia bei ya msimu ujao ili umuuzie kangomba, yaani kwa magendo nje ya mnada, korosho zingali mtini, mkimbie.

Ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe kwenye mikorosho, ni habari nyingine. Watu wa ofisini wanamcheka mkulima wa Newala anayemtazama jirani kabla ya kupuliza salfa. Wanakosea. Salfa inakinga, haiponyi. Ukingoja unga mweupe utande mti mzima, maua yameshakwenda. Kwa hiyo unachohitaji kujua ni kama maua yameanza kuchomoza hapa kwetu, wiki hii. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unazungumzia eneo kubwa. Hauwezi kukwambia kwamba shamba lako liko pale ukungu unapochelewa kuondoka, na la shemeji yako jua linalikausha mapema. Jirani anajua, kwa kuwa anapita hapo kila alfajiri.

Jirani huyohuyo anakosea kwenye ugonjwa wenyewe. Akiona chipukizi limekauka atasema ubwiriunga, kumbe lina madoa meusi, ni mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi, kafyonza, na salfa haimuui mbu. Unapuliza, unamaliza mfuko, mbu anaendelea kula. Hapo nileteeni tawi. Maelezo ya mdomo hayanitoshi, na muuza duka msimuulize kabla yangu, kwa sababu atajibu kwa dawa aliyonayo rafuni.

Kuna swali moja linaloninyima raha. Tunafundisha gramu 250 za salfa ya unga kwa mti, kila baada ya siku 14. Mwaka ambao mvua zilichelewa kukatika, mikorosho ya mama mmoja ilichanua upande mmoja kwanza. Akaniuliza, "Bibi shamba, nianze kuhesabu lini?" Nikamwambia ahesabu tangu ule upande uliotangulia. Mpaka leo sijui kama nilimshauri sawa. Mwaka huu ametia alama miti kumi: mitano atafuata neno langu, mitano atasubiri upande wa pili. Oktoba tutapima kilo pamoja.