Makundi ya shinikizo katika mjadala wa eutanasia

Kundi la shinikizo ni watu waliojikusanya kwa ajili ya jambo moja, wakitaka wenye mamlaka waliamue jambo hilo kwa namna wanayoitaka wao. Chama cha siasa huomba kura ili kitawale. Kundi la shinikizo halijali sana nani anatawala, mradi sheria linayoitaka ipite, au ile lisiyoitaka ikwame.

Eutanasia ni pale daktari anapokatisha maisha ya mgonjwa kwa ombi la mgonjwa mwenyewe, mara nyingi kwa sindano, ili kumwondolea mateso. Jirani yake wa karibu ni kusaidiwa kujiua: daktari anaandika dawa, mgonjwa anainywa kwa mkono wake. Kuna na jambo la tatu, ambalo nchi nyingi zinaliruhusu: kusitisha tiba isiyosaidia tena na kuuacha ugonjwa ufuate mkondo wake. Uholanzi na Ubelgiji zinaruhusu yote matatu. Jimbo la Oregon, Marekani, linaruhusu mawili ya mwisho tu. Ukisikia mtu anayachanganya, pengine hajui tofauti, lakini mchanganyiko huo una wanaofaidika nao. Anayetaka sheria ya kusaidiwa kujiua huisogeza ifanane na kusitisha tiba. Anayeipinga huivuta upande wa sindano.

Wengi hudhani kazi ya makundi haya ni kubadilisha imani za watu. Hiyo ni kazi ya miaka mingi, na kwa maoni yangu si hapo yanaposhindia. Yanashinda mapema zaidi, pale yanapofanikiwa kuamua swali liulizwe kwa maneno gani, uso wa nani uonekane, na nani apewe nafasi ya kujibu.

Tuanze na maneno. Mwaka 2013 shirika la kura za maoni la Gallup liliwauliza Wamarekani kuhusu mgonjwa asiyeweza kupona anayetaka kufa. Walioulizwa kama daktari aruhusiwe kumaliza maisha ya mgonjwa huyo kwa njia isiyo na maumivu, asilimia 70 walikubali. Walioulizwa kama daktari aruhusiwe kumsaidia kujiua, waliokubali walikuwa asilimia 51. Pengo hilo kwa sehemu kubwa limetokana na jinsi swali lilivyoundwa. Ndiyo maana makundi hubadili hata majina yao. Chama kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1935 kilibeba neno eutanasia katika jina lake kwa miongo mingi. Leo kinaitwa Dignity in Dying, yaani heshima katika kufa. Marekani, Hemlock Society ilianzishwa mwaka 1980 ikiwa na jina la mmea wenye sumu. Warithi wake siku hizi wanajiita Compassion & Choices, huruma na machaguo. Sumu imeondoka kwenye bango.

Novemba 2024, bunge la Uingereza lilipokuwa linakaribia kupiga kura kuhusu suala hili, kituo cha treni cha Westminster, ambacho wabunge hukitumia kwenda kazini, kilijazwa matangazo ya Dignity in Dying. Moja lilimwonyesha mwanamke akicheza jikoni kwake, na maneno yanayosema kwamba matakwa yake ya mwisho ni familia yake isimwone akiteseka. Baadhi ya matangazo hayo yalibandikwa juu yake mabango ya shirika linalosaidia watu wanaofikiria kujiua. Ukuta ule mmoja ulibeba ubishi wote: upande mmoja unasema hiki ni kifo kinachochaguliwa, mwingine unasema hiki ni kujiua, na kujiua huzuiwa. Bunge lilipiga kura tarehe 29 Novemba, 330 wakikubali mswada uendelee na 275 wakikataa.

Mwanamke yule wa jikoni anatuleta kwenye uso. Kampeni iliyogusa wengi zaidi Marekani ilikuwa ya Brittany Maynard, mwenye umri wa miaka 29 na saratani ya ubongo, aliyehama California kwenda Oregon ili apate kisheria dawa ya kukatisha maisha yake. Alishirikiana na Compassion & Choices, video yake ikatazamwa na mamilioni, akafa Novemba 1, 2014. Mwaka uliofuata California ikapitisha sheria yake. Hapa mtu anatakiwa awe macho. Ripoti ambazo Oregon huzitoa kila mwaka zinaonyesha kwamba wengi wanaotumia sheria ile ni wazee waliovuka miaka 65. Tena sababu wanazozitaja mara nyingi zaidi ni kupoteza uwezo wa kujiamulia mambo na kushindwa kufanya yaliyokuwa yakiwafurahisha. Maumivu huja nyuma ya hizo. Kampeni karibu zote huzungumza juu ya maumivu. Sisemi zinadanganya, kwa sababu wenye maumivu wapo. Ila mtu aliyechaguliwa kuwakilisha hoja si lazima afanane na watakaoitumia sheria.

Wapinzani nao wana nyuso zao, na hapa picha iliyozoeleka ya dini dhidi ya uhuru inatupotosha. Ni kweli Kanisa Katoliki limekuwa mpinzani mkubwa na mwenye fedha: mwaka 2012, wananchi wa jimbo la Massachusetts, Marekani, walipoikataa sheria ya kusaidiwa kujiua kwa tofauti ndogo, taasisi za kikatoliki zilikuwa miongoni mwa wachangiaji wakubwa wa kampeni ya kupinga. Lakini sauti inayowasumbua zaidi wabunge wasio na dini ni ya watu wenye ulemavu. Kundi la Not Dead Yet, lililoanzishwa Marekani mwaka 1996, halihubiri maandiko. Hoja yake ni kwamba mtu anayetegemea wengine kumvalisha na kumlisha anaishi katika jamii ambayo tayari inamwona mzigo. Akiomba kufa, jamii hiyo itaharakisha kumkubalia, wakati kijana mzima akiomba vivyo hivyo hukimbiziwa mshauri. Kuijibu hoja hiyo kwa kusema dini isiingizwe katika sheria ni kutoisikia kabisa. Kumbuka pia kwamba wapo watu wenye ulemavu wanaoitaka sheria hii, nao huona kundi hilo linajisemea lenyewe.

Kisha wapo madaktari, na binafsi nawahesabu kuwa kundi lenye nguvu kuliko yote, ingawa lenyewe halipendi kuitwa kundi la shinikizo. Uholanzi ndiyo mfano mzuri. Chama cha wananchi cha kutetea eutanasia kiliundwa mwaka 1973, baada ya daktari mmoja kushtakiwa kwa kumuua mama yake mgonjwa kwa ombi lake na kupewa adhabu nyepesi. Hata hivyo mlango ulifunguka hasa pale chama cha madaktari kilipokubali, katika miaka ya 1980, kuandika masharti ya daktari kufuata. Sheria iliyoanza kutumika Aprili 2002 kwa kiasi kikubwa iliyapa masharti ya aina hiyo nguvu ya kisheria.

Kwa hiyo kampeni za siku hizi hazihangaiki sana kuwafanya madaktari waunge mkono. Zinatafuta wanyamaze. Chama cha madaktari cha California kiliacha kupinga mwaka 2015, mwaka uleule sheria ilipopita. Cha Uingereza kiliondoka kwenye upinzani Septemba 2021, kwa asilimia 49 dhidi ya 48. Kwenye karatasi msimamo huo unaitwa kutoegemea upande wowote. Bungeni una maana nyingine: mbunge aliyekuwa akisema madaktari wenyewe hawataki amenyang'anywa sentensi yake.

Uwanja wa kuchezea nao huchaguliwa. Oregon ilipitia kura ya wananchi mwaka 1994, ikapata asilimia 51. Wapinzani wakairudisha kwa wananchi mwaka 1997 ili ifutwe, wakashindwa vibaya zaidi. Nchini Kanada, chama cha kutetea uhuru wa raia cha British Columbia kilikwenda mahakamani, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikaliambia bunge kwamba marufuku ya daktari kumsaidia mgonjwa kufa inavunja katiba. Shirika la India liitwalo Common Cause lilifungua shauri mwaka 2005 na kusubiri hadi Machi 2018, mahakama ilipotambua haki ya mtu kuandika mapema kwamba asirefushiwe maisha kwa mashine. Mahakama huvutia kundi dogo, maana haihitaji kundi hilo liwe na wafuasi wengi. Inahitaji mlalamikaji mmoja mwenye shida inayoonekana na wakili hodari.

Sheria ikipita, makundi hayavunjwi. Kanada iliruhusu mwaka 2016 kwa wale ambao kifo chao kiko karibu kwa kadiri inavyoweza kutabirika, kisha mwaka 2021 ikaliondoa sharti hilo huku mashirika mengi ya watu wenye ulemavu yakipinga. Swali lililobaki ni wagonjwa ambao maradhi yao ni ya akili peke yake. Serikali imeliahirisha zaidi ya mara moja, na tarehe iliyowekwa mwaka 2024 ni Machi 17, 2027. Humo kwenye ubishi wamo waliopigania sheria ya kwanza pamoja, ambao sasa wamegawanyika kati ya wanaosema haki haichagui ugonjwa na wanaosema hawakuomba kufika huku.