Soko la Ulaya lilikuwa wazi kabla ya mkataba

Safari hii ni mama mmoja wa Rongai, hapa Nakuru, mwenye miti arobaini ya avokado. "Dada, si walisema mkataba na Ulaya umeondoa ushuru? Mbona broka ananipa bei ile ile?" Swali hili naulizwa tangu Julai 2024, mkataba wa biashara kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulipoanza kufanya kazi. Kila mtu anaamini umetufungulia soko. Soko lilikuwa wazi.

Avokado, mishiri (maharagwe machanga) na maua yetu yaliingia Ulaya bila ushuru miaka mingi kabla Kenya haijatia saini tarehe 18 Desemba 2023. Mkataba umetukinga tusije tukatozwa ushuru tena, na hilo si jambo dogo. Nililiona kwa macho yangu. Tarehe 1 Oktoba 2014 nilikuwa nikiandika karatasi za mizigo katika shamba la maua upande wa Naivasha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imepitwa na tarehe ya mwisho ya kukubaliana na Ulaya, na kuanzia siku hiyo waridi lile lile, kutoka chumba kile kile cha baridi, likatozwa asilimia 8.5. Boksi la shilingi 5,000, ushuru 425. Kisheria anayelipa ni mnunuzi. Lakini mnunuzi alipopiga simu, alitaka tupunguze bei. Tuliishi hivyo hadi Krismasi.

Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi hazikuguswa. Zimo katika orodha ya nchi zenye maendeleo duni zaidi, kwa hiyo bidhaa zao huingia bure, pawe na mkataba au pasiwe. Sisi hatumo. Wanaosema tulikimbilia kusaini wakati majirani wanasubiri wakumbuke moto haukuwa kwao.

Hofu yangu iko kwingine. Nasi tumekubali kuondoa ushuru wa bidhaa nyingi za Ulaya, hatua kwa hatua, ndani ya miaka 25. Baadhi ya mazao nyeti yameachwa nje. Niliunga mkono mkataba, na bado nauunga, ila kuna siku nashindwa kujiaminisha kwamba viwanda vyetu vitakuwa vimesimama muda huo ukiisha.

Bei ya yule mama inaamuliwa na ukubwa wa tunda, ukomavu wake, na avokado za Peru zinazofika Ulaya msimu huo huo. Nilikata moja kati ya zilizochumwa. Ngozi ya kokwa ilikuwa bado nyeupe, yaani tunda halijakomaa, na kreti za broka zilikuwa zimeshajaa.