Mnyororo wa thamani wa samaki wa kufugwa: maana yake nini hasa?

Mnyororo wa thamani ni safari ya samaki kuanzia kifaranga hadi sahani ya mlaji, ikihesabiwa pamoja na kila mkono unaomgusa njiani: nani kaongeza nini, na nani kaondoka na shilingi ngapi. Mnyororo wa ugavi ni safari hiyohiyo, ila wenyewe unauliza tu kama mzigo utafika, lini, na ukiwa katika hali gani.

Tumchukue sato (tilapia) wa kizimba, yaani anayefugwa ndani ya uzio wa nyavu majini, Ziwa Victoria. Yuko mzalisha vifaranga, muuza chakula (ambaye peke yake hupokea zaidi ya nusu ya pesa anazotumia mfugaji), mfugaji, dalali, mchuuzi mwenye deli la barafu, muuzaji wa sokoni, na mama lishe. Mfugaji ana bahati moja ambayo mvuvi hana: anaweza kuvua samaki aliokwisha kuwauza. Ajabu ni wengi wanaoanza kutafuta mteja wavu ukiwa tayari majini.

Kenya ililiona hilo. Mwaka 2009 serikali ilianza kuchimba mabwawa 200 katika kila jimbo la uchaguzi kati ya majimbo 140, mengine kwa watu ambao samaki hakuwa kitoweo chao. Viwanda vidogo vya kusindika, Nyeri, Meru, Kakamega na Migori, vilikuja baadaye.

Sasa, kuongeza thamani. Ukilitaja neno hili watu huwaza soseji za samaki na vifungashio vya kung'aa. Mimi ningeanza na barafu. Samaki anyimwe chakula siku moja kabla ya kuvuliwa ili utumbo uwe mtupu, kisha alazwe kwenye barafu, kilo kwa kilo, kabla jua halijamuwahi. Mnunuzi mzoefu hana maswali mengi: atafunua mashavu aone wekundu, atabonyeza mgongo kwa kidole gumba. Shimo likibaki, bei imeshashuka.

Minofu nayo ina hesabu yake. Sato wa kilo moja hutoa minofu kama theluthi ya kilo. Tuseme mzima anauzwa shilingi 9,000 za Tanzania kwa kilo. Basi kilo ya minofu haina budi kufika 27,000 ndipo urudishe pesa ya samaki tu, bado mwenye kisu hajalipwa. Viwanda vya sangara Mwanza vinaimudu hesabu hiyo kwa sababu minofu huenda nje ya nchi na mapanki, yaani vichwa na mifupa inayobaki, hupata wateja wake hapahapa. Sato wa mtaani hana soko la namna hiyo, na ukimwandalia mlaji wa kwetu sato asiye na kichwa atahisi amepunjwa.

Kinacholipa zaidi ni kazi isiyopunguza uzito sana: kupara magamba, kutoa matumbo, kumchanja mbavuni, kumpaka ndimu na chumvi, kumuuza akiwa tayari kuingia kikaangoni. Mpishi aliyechelewa kurudi nyumbani ataongeza pesa bila kinyongo.

Na kabla hujalisha mwezi mmoja zaidi ili sato awe mkubwa, pita kwa mama lishe umuulize kikaango chake. Wa gramu 300 anakaa sahani moja, mteja mmoja. Wa gramu 600 itabidi amkate vipande viwili, kisha asikilize ubishi wa nani apewe upande wa kichwa.