Usisubiri tumbo lionekane: maswali na majibu kuhusu foleti

Foleti ni nini?
Ni vitamini B9. Mwili huitumia kutengeneza damu na seli mpya. Ile ya kiwandani, inayowekwa kwenye vidonge na unga, huitwa asidi ya foliki.

Mimba ina miezi mitano na leo ndiyo naanza kliniki. Nikimeza vidonge, mtoto hatapata mgongo wazi?
Umechelewa kwa hilo. Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe. Siku 28! Hapo hedhi imechelewa wiki mbili tu, na pengine unadhani ni malaria. Mrija huo ukibaki wazi, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na wengi wao kichwa nacho hujaa maji. Vidonge meza, kwa sababu wewe na mtoto mnahitaji damu. Ila mrija ule haufungwi na kidonge cha mwezi wa tano.

Basi nianze lini?
Kabla ya mimba. Ukiamua kutoa kijiti au kuacha sindano ili upate mtoto, anza siku hiyo hiyo: asidi ya foliki mikrogramu 400 kila siku, hadi wiki ya 12 ya mimba.

Mama mkwe anasema mimba haitangazwi mpaka ionekane.
Sawa, usiitangaze. Mfiche jirani, mfiche wifi. Mkunga usimfiche. Tumbo likionekana, zile siku 28 zilishapita zamani.

Lakini siku hizi unga una virutubishi.
Upi? Tangu mwaka 2011 kanuni za Tanzania zinavitaka viwanda viongeze virutubishi, foleti ikiwemo, kwenye unga wa ngano na wa mahindi. Kenya nayo ililazimisha mwaka 2012. Lakini ndoo ya mahindi unayoipeleka mashine ya mtaani inarudi na mahindi yako tu. Ukikoboa upate sembe nyeupe, na ile foleti kidogo iliyokuwamo kwenye kiini inabaki kwenye pumba, wanakula kuku. Wa dukani nao, soma mfuko kabla ya kulipa: kama haukuandikwa umeongezwa virutubishi, usijipe moyo.

Na mchicha je?
Mchicha, kunde, maharage, mbaazi, parachichi, vyote vina foleti. Tatizo ni sufuria. Mboga inachemshwa mpaka inalegea, kisha yale maji ya kijani yanamwagwa. Foleti huyeyuka majini na moto huiharibu. Ipike kidogo, kwa maji machache, usiyamwage. Na kidonge bado meza.

Vidonge si hukuza mtoto, nikapasuliwa?
Hapana. Narudia, hapana. Nimechoka kusikia vimefungwa kwenye kona ya kanga hadi siku ya kujifungua. Vikikutia kichefuchefu, meza usiku baada ya kula, kwa maji. Usimezee chai: huzuia madini ya chuma yaliyomo kwenye vidonge vya kliniki yasiingie mwilini.

Nilishazaa mtoto mwenye mgongo wazi. Mdogo wangu yeye anameza dawa za kifafa.
Nyote wawili mwone daktari kabla ya kushika mimba nyingine. Wewe dozi yako ni miligramu 5, si ile ya kawaida, na huandikwa na daktari. Baadhi ya dawa za kifafa huongeza hatari ya mgongo wazi, lakini mdogo wako asiache zake kwa kuogopa. Huenda zikabadilishwa, na kubadilisha kunataka muda. Njooni sasa, kabla ya mimba.