Je, wajua kwa nini rula ya picha za ushahidi ina umbo la L na miduara mitatu?

Majalada ya kesi kubwa za jinai yanapofunguliwa kwa umma, picha za ushahidi ndizo zinazotazamwa kwanza, na katika nyingi ya picha hizo, kando ya alama ya kiatu, tundu la risasi au jeraha, kuna kipande kidogo cha plastiki chenye umbo la herufi L. Kingo zake zina mistari ya milimita. Ndani yake kuna vipande vyeusi na vyeupe vinavyopokezana, vipande vya rangi ya kijivu, na miduara mitatu yenye msalaba katikati: mmoja kwenye kona na mmoja karibu na ncha ya kila mkono. Mtazamaji hukiona, husema moyoni kwamba ni rula, kisha hurudisha macho kwenye kile kinachotisha zaidi. Ni rula kweli, lakini kama kazi yake ingekuwa kuonyesha urefu tu, rula iliyonyooka ya mwanafunzi ingetosha, na kona pamoja na miduara vingekuwa mapambo.

Jibu linalotolewa na wengi ni kwamba rula huwekwa ili anayetazama picha ajue ukubwa wa kitu kilichopigwa. Jibu hilo si la uongo, ila limeficha masharti mawili mazito. Picha yenyewe haibebi ukubwa wowote: kitu kidogo kilicho karibu na lenzi na kitu kikubwa kilicho mbali vinaweza kujaza nafasi ileile kabisa kwenye picha, na hakuna hesabu itakayovitofautisha kwa kutazama picha hiyo peke yake. Kwa hiyo tunaweka kitu tunachokijua urefu wake, tunakilinganisha na kile tusichokijua, na tunadhani kazi imekwisha. Ulinganisho huo unakubalika endapo tu rula na kitu hicho viko umbali uleule kutoka kwenye kamera, na endapo kamera imeelekea juu yake moja kwa moja bila kuinama upande wowote. Sharti mojawapo likivunjwa, rula haitoi onyo. Inaendelea kutoa namba, tena namba yenye milimita zake zote, na namba hiyo ni potofu.

Tuchukue sharti la kwanza, kwa sababu ndilo linalodharauliwa zaidi. Mtu amekanyaga udongo laini na kuacha alama ya soli yenye urefu wa sentimita 30, na alama hiyo imezama sentimita 2. Mpiga picha anaweka rula juu ya ardhi, kando ya alama, kisha anapiga picha kutoka juu akiwa na kamera iliyo sentimita 50 juu ya rula. Kila kitu kinaonekana sawa. Lakini soli yenyewe, yaani chini ya shimo la alama, iko sentimita 52 kutoka kwenye lenzi, na kitu kilicho mbali zaidi huonekana kidogo zaidi kwa uwiano uleule wa umbali. Atakayepima alama hiyo kwenye picha kwa kutumia rula ile atapata takriban sentimita 28.85, yaani upungufu wa milimita 11 na ushei. Kwa saizi za viatu za Ulaya bara, ambako saizi moja hutofautiana na inayofuata kwa theluthi mbili za sentimita, huko ni kupungukiwa na karibu saizi mbili. Mshtakiwa anaweza kutolewa kwenye orodha, au mtu mwingine akaingizwa, kwa sababu ya sentimita mbili za udongo ambazo hazionekani kwenye picha.

Ndiyo maana wanaofanya kazi hii kwa uangalifu huchimba kidogo kando ya alama, bila kuigusa, na kuishusha rula hadi usawa wa chini ya alama yenyewe. Anayetazama picha asiyejua sababu hiyo anaweza hata kudhani rula imezama kwa bahati mbaya.

Sharti la pili, la mwelekeo wa kamera, ndilo lililozaa miduara. Chukua kikombe na ukitazame kutoka juu kabisa: mdomo wake ni duara kamili. Sasa kirudishe kichwa chako nyuma kidogo kidogo huku ukiendelea kuutazama mdomo huo. Duara linabanwa na kuwa mfano wa yai, yaani duaradufu, na kadiri unavyoshusha jicho ndivyo linavyozidi kuwa jembamba, hadi jicho linapofika usawa wa mdomo wa kikombe na duara lote kugeuka mstari. Kikombe hakikubadilika, kilichobadilika ni mahali pa jicho. Jambo la kuangalia kwa makini ni kwamba upana wa mdomo kutoka kushoto kwenda kulia haukupungua kwa sababu ya mwinamo huo. Kilichopungua ni kina chake, kutoka upande wa karibu nawe hadi upande wa mbali. Kwa hiyo ukitazama tu jinsi duara lilivyobanwa, bila kuambiwa lolote, unaweza kujua jicho lilikuwa limeinama kiasi gani na kuelekea upande gani.

Hivyo ndivyo mduara ulio kwenye rula unavyofanya kazi, isipokuwa kwamba hapa jicho ni kamera na uchunguzi unafanyika miezi au miaka baada ya kamera kuondoka. Mtaalamu hupima kipenyo kirefu na kipenyo kifupi cha mduara kwenye picha, na uwiano wa viwili hivyo humpa pembe ya mwinamo. Kamera ikiinama nyuzi 10, kipenyo kifupi hupungua kwa asilimia 1.5 hivi. Ikiinama nyuzi 20, hupungua kwa asilimia 6, na kwa nyuzi 30 hupungua kwa zaidi ya asilimia 13. Kwa maneno mengine, plastiki ile inatoa ushahidi dhidi ya mpiga picha.

Umbo la L nalo sasa linaeleweka. Rula iliyonyooka hupima mwelekeo mmoja tu. Ikiwa imelala kushoto kwenda kulia na kamera imeinama mbele au nyuma, rula hiyo itaendelea kuonekana sahihi kabisa, ilhali kila kitu kinachokatiza mwelekeo wake kimefupishwa. Wakili wa utetezi anaweza kushikilia rula hiyo na kusema picha ni safi, wakili wa upande wa mashtaka naye akasema hivyohivyo, na wote wawili wakawa wamekosea. Mkono wa pili uliokaa kwa pembe mraba huziba pengo hilo: sentimita za mkono mmoja zikitofautiana na sentimita za mkono mwingine kwenye picha, au kona ikiwa si pembe mraba tena, kuna mwinamo.

Mduara mmoja peke yake una udhaifu. Kwa mwinamo wa nyuzi 5, kipenyo kifupi hupungua kwa chini ya nusu ya asilimia moja, kiasi ambacho hata kipimo cha kompyuta hupata taabu kukitofautisha na ukungu wa picha. Lakini kamera ikiwa karibu, mwinamo huohuo huifanya ncha moja ya mkono wa sentimita 10 iwe mbali zaidi kuliko ncha nyingine kwa karibu milimita 9, na kwa umbali wa nusu mita hiyo ni tofauti ya ukubwa ya takriban asilimia 1.7. Hapa ndipo manufaa ya kuwa na miduara mitatu yanapoonekana, kwa kuwa mduara wa kona hulinganishwa na ule wa kila ncha, na ulio mbali na kamera hujitambulisha kwa kuwa mdogo zaidi. Mwinamo ukishajulikana, programu ya kompyuta huweza kuivuta picha hadi miduara irudi kuwa miduara na kona irudi kuwa pembe mraba, na kila kitu kilicho kwenye usawa huohuo bapa hurudi pamoja nayo. Vipande vya kijivu, vinavyorudisha asilimia 18 ya mwanga, vina kazi nyingine kabisa: humsaidia mpiga picha kupata kiasi sahihi cha mwanga.

Jambo hilo la kupima kwa picha si jipya. Alphonse Bertillon wa polisi ya Paris alikuwa akipiga picha za kupimika za maeneo ya tukio mwanzoni mwa karne ya 20. Rula ya L tunayoizungumzia ni ya juzi zaidi: inajulikana kama ABFO Namba 2, na ilielezwa katika jarida la kisayansi mwaka 1988 na William Hyzer, mtaalamu wa upigaji picha wa kihandisi, pamoja na Thomas Krauss, daktari wa meno. Herufi zile nne ni kifupi cha jina la bodi ya Marekani ya madaktari wa meno wanaoshughulikia uchunguzi wa jinai, na hapo ndipo kisa kinapogeuka kuwa cha ajabu, kwa sababu chombo ambacho leo huwekwa kando ya alama za viatu na matone ya damu kilibuniwa kwa ajili ya alama za meno, yaani zile zinazoachwa kwenye ngozi ya mtu aliyeng'atwa.

Kesi iliyozipa alama za meno umaarufu ni ya Ted Bundy, muuaji wa wanawake wengi nchini Marekani. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Januari 1978 wanafunzi wawili wa kike waliuawa katika nyumba ya Chi Omega, umoja wa wanafunzi wa kike, mjini Tallahassee, Florida, na mwili wa mmoja wao ulikutwa na alama ya kung'atwa. Alama hiyo ilipigwa picha pamoja na rula. Kesi iliposikilizwa Miami mwaka 1979, huku televisheni zikiirusha, daktari wa meno Richard Souviron alionyesha baraza la wazee wa mahakama picha hizo zilizokuzwa, pamoja na nakala za meno ya mshtakiwa, akieleza jinsi vilivyolingana. Bundy alitiwa hatiani mwezi Julai mwaka huo. ABFO Namba 2 haikuwapo wakati huo. Miaka iliyofuata, ushahidi wa aina hiyo ulipozidi kutumika, ndipo haja ya rula yenye kiwango kimoja kwa wote ilipojibiwa.

Baadaye elimu yenyewe ikayumba. Ripoti ya Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani ya mwaka 2009 ilihoji msingi wa kisayansi wa kumtambua mtu kwa alama za meno, baraza la washauri wa sayansi wa rais wa nchi hiyo likafanya hivyo mwaka 2016, na mapitio ya taasisi ya taifa ya viwango, NIST, yaliyotolewa kwanza mwaka 2022, hayakupata msingi wa kutosha wa kuamini kwamba ngozi huhifadhi umbo la meno kwa usahihi. Huko Arizona, mtu aliyehukumiwa kifo mwaka 1992 kwa ushahidi ambao nguzo yake ilikuwa alama za meno aliachiwa huru mwaka 2002 baada ya vipimo vya vinasaba kuelekeza kwa mtu mwingine.

Hesabu ya miduara haikuhusika na makosa hayo, na wala isingeweza kuyazuia. Marekebisho yote niliyoyaeleza yanadai jambo moja: kilichopigwa picha kiwe bapa, tena kwenye usawa mmoja na rula. Ngozi si bapa. Imejikunja kufuata mwili, huvutika mtu anaposogea, huvimba, na mwili uliolazwa kifudifudi haubaki na umbo uliokuwa nalo wakati wa shambulio. Rula inaweza kumwambia mtaalamu kwamba kamera ilisimama wima kabisa. Haiwezi kumwambia ngozi ilikuwa imevutika kiasi gani meno yalipoingia. Kwa alama ya kiatu kwenye sakafu ya saruji hali ni nzuri zaidi, na kwa alama iliyozama kwenye matope iko katikati, kwani soli huzama kisigino na kidole kwa vina tofauti na hakuna usawa mmoja wa kuiweka rula.

Kuna utaratibu mwingine unaowatatiza wasomaji wa majalada, nao ni picha inayoonekana kurudiwa: kwanza bila rula, kisha kutoka palepale pamoja na rula. Si uzembe wa mpangaji wa vielelezo. Rula ni kitu cha kigeni kilicholetwa kwenye eneo la tukio, na kinaweza kufunika kitu au kudaiwa kwamba kimekifunika. Picha ya kwanza inaonyesha mahali palivyokutwa na ya pili inapima, na ya pili bila ya kwanza humpa wakili hodari jambo la kuuliza kwa nusu siku.

Siku hizi wachunguzi hupiga mamia ya picha za chumba kizima na kuiachia kompyuta iziunganishe kuwa umbo la pande tatu, ambalo mtu anaweza kulizungusha kwenye skrini na kulitazama kutoka popote. Wengi hudhani kwamba hapo rula imestaafu. Kinyume chake, umbo linalojengwa kwa picha tupu huwa na uwiano sahihi lakini halina ukubwa, kwa sababu ileile iliyoifanya picha moja isiwe nao, na kuongeza picha mia tatu zisizo na kipimo hakuongezi kipimo. Skana za leza hazina tatizo hilo, kwa kuwa zenyewe hupima umbali. Kwa kamera za kawaida, hata hivyo, lazima ndani ya chumba kuwe na kitu ambacho urefu wake unajulikana, na wachunguzi huweka fito zenye alama kwenye ncha, zaidi ya moja, zikielekea pande tofauti.